Moba: Swali la sayansi likiwa nguvu, mwanafunzi aanzie wapi?

Siku matokeo ya mtihani wa dola yanapotoka, habari inaonekana kwanza kwenye vichwa vya watu. Kijana aliyefaulu anamwagiwa pudra nyeupe, mama anapiga vigelegele, wadogo wanakimbia barabarani. Kwenye nyumba ya jirani kunaweza kuwa kimya. Mtoto wa pale naye alisoma miaka yote, naye wazazi wake waliuza mahindi ama samaki ili kulipa franka za mtihani. Akiulizwa kilichomwangusha, jibu ni lile lile kila mwaka: "Maswali ya siansi ilikuwa nguvu."

Ilikuwa nguvu kweli? Mara nyingi ndiyo. Lakini ukikaa na mwanafunzi, ukachukua swali moja moja, unaona kitu kingine. Swali linamshinda mapema, kabla hajafikia hesabu. Linamshinda katika kusoma. Na kusoma ni kitu ambacho mtoto wa Moba-port, wa Kirungu ama wa kule juu Marungu anaweza kukifanyia mazoezi, hata shule yake ikiwa haina laboratwari.

Mtihani wenyewe ukoje

Mtihani wa dola, ule watu wote wanauita Exetat, unafunga miaka ya humanité. Kikao cha kawaida kina siku nne, kwa mafungu manne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Maana yake, hata aliyesoma pedagojia ama komersiali hawezi kukwepa sayansi. Hawezi kusema "mimi si wa math-physique". Siku ya sayansi inamfikia naye.

Maswali ni ya kuchagua. Chini ya kila swali kuna majibu matano, moja ndilo sawa. Mashine inasoma alama iliyowekwa. Haiangalii njia, haioni kama mtoto alianza vizuri akakosea mwishoni. Ili kupata diploma inahitajika asilimia 50.

Umbo hili la mtihani linabadilisha namna ya kujitayarisha. Darasani mwalimu anaweza kumpa mtoto pointi kwa kuandika formula. Mashine haitoi pointi ya huruma. Lakini pia mashine imeweka jibu sawa mbele ya macho ya mwanafunzi, limefichwa kati ya mengine manne. Anayejua kusoma yale manne ya uongo anajifunza mambo mengi.

Ugumu unatoka wapi

Wa kwanza ni lugha. Katiba ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya serikali, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Nyumbani, sokoni, kwenye boti, mtoto anasema Kiswahili ama Kitabwa. Fizikia anaikuta kwa Kifaransa. Kwa hiyo mbele ya swali moja ana kazi mbili: kuelewa maneno, kisha kuelewa jambo. Akikosa ya kwanza, ya pili haianzi.

Moba inajua kusoma kwa lugha ya kigeni tangu zamani. Stefano Kaoze, mtoto wa eneo hili la Marungu, alijifunza Kilatini kwa wamisionari, na mwaka 1917 alipewa upadri Baudouinville, ndilo jina la Moba la wakati ule. Alikuwa padri wa kwanza mzalendo katika Kongo ya Wabelgiji. Lakini Kaoze alikaa miaka mingi katika ile lugha kabla ya kupimwa. Mtoto wa leo anapimwa kwa Kifaransa ambacho mara nyingi anakisikia shuleni tu.

Ugumu wa pili ni kaye. Shule nyingi za mashariki hazina vitabu vya kutosha wala vyombo vya majaribio. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wanakopia, kisha wanakariri. Anayekariri anajua sentensi, hajui jambo. Tuchukue mfano wa karibu. Kaye inasema maji yanachemka kwa digri 100. Mtihani unauliza: kwa nini maharagwe yanachelewa kuiva mlimani kuliko pwani? Aliyekariri anasimama pale pale. Aliyeelewa anakumbuka kwamba ile digri 100 ni ya usawa wa bahari. Kandokando ya ziwa Tanganyika, ambalo liko karibu mita 773 juu ya bahari, maji yanachemka kabla kidogo ya hapo. Juu Marungu, fasi zinazopita mita 2.000, hewa inakandamiza kidogo zaidi, maji yanachemka karibu na digri 93. Chungu kinatokota, lakini moto ulio ndani ya maji ni mdogo, na maharagwe yanataka muda. Mama anayepika Marungu analijua jambo hili tangu zamani. Mtoto wake hajaambiwa kwamba hiyo ndiyo fizikia.

Ugumu wa tatu ni woga. Mwanafunzi akiona namba nyingi na neno asilolijua, mkono unachagua jibu lolote ili aondoke kwenye lile swali.

Swali moja la boti

Tuchukue swali la aina inayotolewa mara nyingi. Boti inakwenda kilomita 18 kwa saa. Inapokaribia bandari inapunguza mwendo kwa namna ile ile, bila kushtuka, na inasimama baada ya sekunde 20. Imetembea mita ngapi tangu ilipoanza kupunguza? Majibu: mita 5, mita 50, mita 100, mita 180, mita 360.

Mwanafunzi mwenye haraka anaona 18, anaona 20, anazidisha: 360. Jibu liko pale, anafurahi, anaweka alama. Ameanguka. Waliotunga swali walijua kwamba watu wengi watafanya hivyo, njo maana waliweka 360.

Aliyezoea kusoma anaanza na maswali mawili ya Kiswahili cha nyumbani, anayaandika kando kwa kreyo: "Banatupatia nini? Banatuuliza nini?" Wanatupatia mwendo wa kuanzia, muda, na habari kwamba boti inasimama, maana yake mwendo wa mwisho ni sifuri. Hii sifuri haikuandikwa kwa namba, imefichwa katika neno "inasimama". Wanatuuliza umbali, tena kwa mita.

Hatua inayofuata ni vipimo. Mwendo umetolewa kwa kilomita na saa, muda kwa sekunde, jibu kwa mita. Havipatani. Kilomita 18 ni mita 18.000, saa moja ni sekunde 3.600, kwa hiyo boti inakwenda mita 5 kwa sekunde. Aliyesahau kugeuza vipimo lakini akakumbuka sehemu nyingine ya kazi atapata 180. Nalo liko pale linamngoja.

Kisha kazi yenyewe. Mwendo unatoka 5 kwenda sifuri kwa namna ile ile. Katikati yake ni mita 2,5 kwa sekunde. Kwa sekunde 20, ni mita 50.

Mwisho, hatua ambayo wengi wanairuka: kurudi nyuma na kuangalia kama jibu lina akili. Kama boti isingepunguza mwendo hata kidogo, ingetembea mita 5 mara 20, yaani 100. Imepunguza, kwa hiyo jibu lazima liwe chini ya 100. Pale pale 100, 180 na 360 zimekufa. Zinabaki 5 na 50. Lakini katika sekunde ya kwanza peke yake boti imeshatembea karibu mita 5. Inabaki 50.

Ona kilichotokea. Hata mtu aliyesahau formula angeweza kufika kwenye jibu kwa kufikiri kama mtu ambaye amekwisha kupanda boti. Na mtoto wa Moba amekwisha kupanda boti.

Hatua hizi nne, yaani kuelewa, kupanga, kufanya na kurudi kuangalia, hazikutungwa Kongo. Mwanahesabu George Pólya, mzaliwa wa Hungaria, aliziandika katika kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya kutatua matatizo ya hesabu, na walimu wa nchi nyingi wanazitumia mpaka leo. Kinachotakiwa hapa ni kuzifanya kwa lugha ambayo mtoto anafikiria nayo. Jibu litawekwa kwenye karatasi ya Kifaransa, lakini hakuna anayekataza kufikiri kwa Kiswahili.

Kemia na biolojia: mitego ni ile ile

Katika kemia, ile wanafunzi wanaita shimi, mtego mkubwa ni vipimo. Wanauliza: ili kutengeneza mililita 500 za maji ya chumvi yenye mol 0,2 kwa litre, unahitaji gramu ngapi za chumvi? Mol moja ya chumvi ya kupikia ina gramu 58,5, yaani 23 za sodiamu na 35,5 za klori. Mililita 500 ni nusu litre, kwa hiyo inatakiwa mol 0,1, sawa na gramu 5,85. Aliyesahau ile nusu atapata 11,7. Aliyegawanya fasi ya kuzidisha atapata 23,4. Aliyeacha mililita bila kuzigeuza atapata gramu 5.850, karibu kilo sita za chumvi ndani ya nusu litre ya maji! Mtoto anayepika nyumbani angecheka. Lakini kwenye karatasi hacheki, kwa sababu hakurudi kuangalia.

Katika biolojia mtego mara nyingi ni neno moja dogo. Swali linasema "sauf", ama linaomba sentensi iliyo ya uongo. Mwanafunzi anasoma haraka, anakuta sentensi ya kwanza ni ya kweli, anaweka alama. Alijua somo, amepoteza pointi. Dawa yake ni rahisi: kila neno la kukataa lipigiwe mstari kwa kreyo kabla ya kusoma majibu.

Kuna pia maswali yanayogusa maisha. Baba ni AS, mama ni AS. Wamezaa watoto watatu, wote hawana ugonjwa wa SS. Wa nne ana uwezekano gani wa kuwa SS? Wengi wanafikiri kwamba kwa kuwa watatu wamepona, wa nne lazima aupate. Jibu ni moja kwa nne, kama ilivyokuwa kwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kila mimba inaanza hesabu upya. Kongo ni moja ya nchi za dunia ambako watoto wengi zaidi wanazaliwa na ugonjwa huu. Kijana anayeelewa swali hili vizuri ataelewa pia kwa nini wachumba wanashauriwa kupima damu kabla ya ndoa. Pointi ya mtihani inapita. Hii inabaki.

Muda, kubahatisha, na majibu ya kuuzwa

Maswali hayana uzito sawa kwa kila mtu. Anayeng'ang'ana nusu saa na swali la tatu atakosa muda wa la kumi na tano, ambalo pengine lingekuwa rahisi kwake. Njia inayosaidia ni kupita mara mbili. Mara ya kwanza, kujibu yale unayoyaona wazi na kuweka alama ndogo kando ya mengine. Mara ya pili, kurudi kwenye yale nguvu. Mfano: ikiwa kuna maswali 20 na masaa mawili, kila moja lina dakika sita. Yale rahisi yakichukua mbili mbili, yale magumu yanapata muda wa kutosha.

Na kubahatisha? Hesabu yenyewe inajibu. Mtu anayechagua bila kusoma kati ya majibu matano ana nafasi moja kwa tano. Katika maswali kumi, kwa kawaida atapata mawili. Hiyo ni asilimia 20, mbali sana na 50. Lakini mtu aliyefuta majibu matatu yasiyo na akili, kama tulivyofanya na boti, anabaki na nafasi moja kwa mbili. Kubahatisha kwa namna hii kumetanguliwa na kazi.

Linabaki jambo ambalo wazazi wanalijua na hawapendi kulisema kwa sauti. Kila msimu wa mtihani, kwenye simu zinazunguka karatasi zinazoitwa majibu, na watu wanazilipia. Simu zenyewe zimekatazwa ndani ya chumba cha mtihani. Tena maswali yanagawanywa kwa serie tofauti: jibu la tatu kwa jirani linaweza kuwa la tano kwako. Anayenunua analipa mara mbili, kwanza franka, kisha mwaka mzima. Na hata akipita kwa bahati, atafika chuo kikuu Kalemie ama Lubumbashi bila kujua kugeuza kilomita kuwa mita. Kule hakuna majibu matano chini ya swali.

Kijana wa ng'ambo aliyeuliza

Kuna mkakati mwingine ambao wanafunzi wa hapa wanauogopa: kuuliza. Kuinua mkono darasani kunaonekana ni kujivunjia heshima. Wenzako watacheka, mwalimu atadhani unampima.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba wa shule ya sekondari Magamba alikuwa anatengeneza ice cream pamoja na wenzake. Aliweka mchanganyiko wake kwenye friji ukiwa bado moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa umepoa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mgeni aliyekuja kuzungumza nao, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi, akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Mpaka leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na wataalamu bado wanabishana juu ya sababu yake.

Mpemba hakuwa na laboratwari kubwa. Aliangalia vizuri, akakumbuka alichokiona, akauliza mara ya pili baada ya kuchekwa. Mwalimu wa Moba anayemwacha mtoto aulize, hata kama jibu hana siku ile, anafanya kazi kubwa kuliko kujaza ubao.

Kazi ya wengine

Si haki kumtwika mwanafunzi mzigo wote. Mwalimu ambaye hajaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali, naye wako wengi nchini, hawezi kutayarisha majaribio ya kemia huku anatafuta chakula cha jioni. Darasa bila kitabu linabaki darasa la kukopia. Hayo ni ya serikali na ya wenye shule. Tangu mwaka 2024 wizara ya elimu ya taifa inaongozwa na Raïssa Malu, ambaye mwenyewe ni mwanafizikia, na ambaye kabla ya hapo alianzisha wiki ya sayansi na teknolojia Kinshasa mwaka 2014. Watu wa mashariki wana haki ya kungoja kwamba sayansi ile ifike pia kwenye shule ambazo hazina barabara nzuri.

Lakini wakati wa kungoja, kuna vitu ambavyo havilipwi. Maua mekundu ya ngaingai yakichemshwa, maji yake yanageuka mekundu zaidi ukitia ndimu, na yanageukia kijani ukitia maji ya majivu: asidi na besi zimeonekana kwa macho. Kamba yenye jiwe inaonyesha pendulumu. Chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu matatu, la juu, la katikati na la chini, inaonyesha kwamba maji ya chini yanatoka kwa nguvu zaidi, kwa sababu yamebeba uzito wa yaliyo juu. Mtoto aliyeona hivyo hatashangaa akiulizwa juu ya shinikizo chini ya ziwa lenye kina cha karibu mita 1.470.

Na wanafunzi wenyewe wanaweza kujipanga wanne wanne, jioni, na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Mmoja anasoma swali kwa Kifaransa. Wa pili analisema kwa Kiswahili bila kuangalia karatasi: akishindwa, hawajalielewa. Wa tatu anafanya kazi. Wa nne hatafuti jibu sawa, anaeleza yale manne ya uongo yametoka wapi: nani alisahau vipimo, nani alisahau nusu, nani hakuona neno "sauf". Kisha wanabadilishana. Maswali matano yaliyofunguliwa hivi kwa siku yanafaa kuliko hamsini yaliyokaririwa.

Mzazi ambaye hakusoma fizikia naye ana kazi. Amwombe mtoto amweleze swali moja kwa Kiswahili wakati chakula kinaiva. Mtoto akiweza kumweleza mama yake mambo ya ile boti, siku ya mtihani karatasi ya Kifaransa haitamtisha sana.